Chumba cha Vitabu na Mikono ya Mama Yako

Mwanangu Damari,

Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kusema mimi ni mzima, sijui hali yako. Hapo nitaparuka, kwa sababu hali yako naijua. Uko jikoni na mama yako, mnachemsha viazi vya safari, na mdogo wako Yohana anaviiba kabla havijapoa. Nawasikia nyote kutoka hapa mezani. Umechungulia ukaniuliza ninaandika nini, nikakujibu ni hesabu ya mizani ya chai. Nilikudanganya. Ninakuandikia wewe, na ninaandika kwa sababu mdomo wangu umeshindwa.

Mambo ya sweta, ya kutonunua kila kitu kinachouzwa dirishani mwa treni, ya kumsalimia mwalimu mkuu kabla hujaketi, hayo sitayagusa. Mama yako atayasema yote kesho mpaka lori la stesheni liwashwe, na ninavyomjua atalikimbilia akumalizie yaliyobaki. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu.

Kesho unaenda kule ziwani, kwenye shule ya wasichana, kufundisha wadogo na kuangalia chumba cha vitabu. Hujawahi kulala mbali nasi. Kuanzia kesho kila neno utakalotaka kumwambia mama yako itabidi uliandike, na kila utakaloandika itabidi mimi nilisome, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Hata mambo ya wanawake ambayo baba hapaswi kuyasikia yatapita mdomoni mwangu kwanza. Umeshalifikiria hilo? Mimi nimelifikiria wiki nzima na limeninyima raha, kwa sababu mama yako hakubaki hivyo kwa uvivu. Mimi ndiye niliyemzuia.

Najua wewe unaamini vingine. Wakati wa mvua zilizopita ulimwambia, "Mama, kaa hapa nikufundishe, ni herufi chache tu." Akakujibu ana nguo za kuanua. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, hapakuwa na nguo hata moja nje. Ulikuja kwangu ukicheka ukasema, "Baba, Mama hapendi vitabu kabisa." Nami nikacheka pamoja nawe. Nilicheka, Damari! Nilikuwa najua ukweli wote, nikauacha ukae tumboni, nikacheka ili uendelee kuniona mimi ndiye msomi wa nyumba hii.

Acha nianze mbali kidogo, maana kosa hili lina mizizi.

Nilikuja huku kutoka ziwani nikiwa kijana wa kukata miti. Hii chai yote unayoiona ilikuwa msitu. Tulikata, tukang'oa visiki, tukachoma, na jioni tulikuwa weusi kwa masizi mpaka mtu hamjui mwenzake. Kila aliyepita na shati safi tulimwita bwana, hata kama ni mpishi. Misheni ilipofungua darasa la jioni nilienda kwa sababu moja tu, sitakuficha: nilitaka shati safi. Neno la Mungu lilinikuta baadaye, nimeshakaa benchini. Nikajua kusoma, nikabatizwa, nikapewa kazi ya karani wa mizani, kupima majani ya wachumaji. Siku zile kusoma na kubatizwa vilikuwa kitu kimoja. Mtu akiingia kanisani watu walisema "huyo ni msomaji", hata kama jina lake mwenyewe halijui likiandikwa.

Kisha Padre wetu wa kwanza, yule mzee mrefu aliyetembea na fimbo, akaleta masanduku ya vitabu. Akatoa chumba kidogo ubavuni mwa kanisa, akaweka kabati, akanipa ufunguo mimi. Ungemwona baba yako! Ufunguo niliufunga kamba nikauvaa shingoni, tena juu ya shati, si ndani. Nikipita laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, wazee walinyamaza. Wengine waliamini mle ndani mna dawa ya Wazungu na mimi ndiye ninayejua inachanganywaje. Watoto waliniita Askari wa Vitabu, nami nilidhani ni sifa. Jumapili jioni nikihesabu vitabu na kukuta vyote vimekaa mahali pake, hakuna hata kimoja kilichoguswa, nilifunga mlango nikimshukuru Mungu kwa siku njema. Siku njema kwangu ilikuwa ile ambayo hakuna aliyesoma.

Sasa sikiliza habari ya mikono.

Padre alirudi siku moja kukagua. Alifungua kitabu cha picha za wanyama akakuta alama za vidole, ukurasa baada ya ukurasa, za kahawia. Ni utomvu wa chai. Wewe umekulia hapa, unajua mikono ya mchumaji ilivyo: huanza na ukijani, ikawa kahawia, ikaishia myeusi, na sabuni hupita juu yake kama maji juu ya jani la nduma. Padre hakukasirika sana. Alikunja uso tu akasema, "Yakobo, ikiendelea hivi hawatatuletea sanduku jingine." Akaenda kula, na nadhani alilisahau neno lile kabla sahani haijaondolewa. Mimi sikulisahau. Jumapili iliyofuata nilisimama mlangoni, nikatangaza kwamba kila anayeingia anionyeshe mikono.

"Mikono!" Hivyo ndivyo nilivyosalimia watu miaka ile. Sikusema hujambo wala karibu. Karani alipita, fundi cherehani alipita, mpishi wa bwana shamba alipita, watoto waliokuja kujifunza herufi walipita. Mchumaji alirudi. "Bado," nilimwambia, "kaoshe tena." Wakaenda mtoni wakasugua kwa majivu, wakasugua kwa mchanga, wengine kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka, wakarudi na nyuso za matumaini. "Bado." Na mimi nilikuwa napima majani yao kila siku, nikijua vizuri kwamba weusi ule hautoki kwa kuosha, unatoka mtu akiacha kuchuma. Nilijua pia kwamba ukishakauka hauchafui kitu. Kinachochafua ni utomvu mbichi. Shamba zima lilikuwa la wachumaji. Niliwafungia watu karibu wote, nikakiita kitendo hicho usafi.

Mama yako naye alikuwa mchumaji. Unajua alitoka milima ya Kisii na kaka yake kutafuta kazi. Tulionana kwenye mizani. Aliniambia mizani yangu inasema uongo, nami nikampenda hapo hapo. Ndiyo maana nyumba hii ni ya Kiswahili: mimi sikuwa na lugha ya kwao, yeye hakuwa na yangu, tukajenga katikati. Alikuwa na ulimi mwepesi na masikio mepesi zaidi. Nyimbo za kanisani alizishika kabla yangu, na mimi ndiye niliyekuwa na kitabu mkononi. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika laini zile ambaye angejua kusoma kwa mwezi mmoja, ni yeye.

Ulikuwa na umri kama wa Yohana sasa. Jumapili moja baada ya ibada mama yako alikuja mlangoni amekushika mkono, amevaa kitambaa kipya kichwani. Nyuma yake watu walisimama, wala hawakuwa na haja ya vitabu. Walitaka kuona kama Yakobo atamkagua mkewe.

Nilisema, "Mikono!" Wewe ukanyoosha yako midogo. Nikakuambia, "Ingia." Yeye akanyoosha yake. Alikuwa ameisugua kwa majivu tangu Ijumaa, pembeni mwa kucha kulikuwa na damu iliyokauka. Ilikuwa bado myeusi.

"Bado, Mama Damari," nikasema.

"Nimeosha, Baba Damari. Hii haitoki."

"Sheria unaijua."

"Naijua. Mimi nilitaka kukaa tu hapo nyuma nione vile mtoto anafanya. Sitashika kitu."

"Ukiingia wewe, hawa nitawaambia nini?"

Aligeuka akawatazama. Mmoja alicheka, si kwa ubaya, lakini alicheka. Mama yako akauachia mkono wako, akakusukuma kidogo mgongoni ili uingie. Kisha akaenda akaketi kwenye gogo lililokuwa chini ya ukuta, akangoja. Jioni ile watu walinisifu. Walisema Yakobo ni mtu wa haki, hana upendeleo hata nyumbani kwake. Nami nililala vizuri, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi leo, kwamba nililala vizuri.

Jumapili zilizofuata alikuleta tena, akaketi gogoni. Mvua ya alasiri ya huku unaijua, haikosi siku. Alijifunika gunia. Ndani wewe ulikuwa unaimba a, e, i, o, u na wenzako, na nje yeye anasikia. Ukitoka alikushika mkono mkaenda, nami nikabaki kuhesabu vitabu vyangu. Nilimwona kupitia dirisha kila mara. Usije ukafikiri sikumwona.

Miaka ikapita hivyo. Alikuwapo mzee mmoja Mkipsigis, arap Sigei, aliyepitisha ng'ombe hapa kutoka upande wa Siongiroi. Alisikia nina kitabu kinachoeleza magonjwa ya ng'ombe, akaja. Nikamwambia kitabu kipo, lakini yeye hajui kusoma, na kitabu hakitoki nje. Hakubishana. Aliuangalia ufunguo wangu kwa muda mrefu kama anayeangalia kengele ya fahali wa mtu mwingine.

"Karani," akasema, "wewe nachunga kitapu mzuri sana. Kama ng'ompe. Lakini ng'ompe yangu mimi nakamua, watoto nakunywa. Hii yako nakamua nani?"

Watu walicheka mpaka nikafunga chumba mapema. Nilimwona mshamba.

Baadaye Padre mzee alirudi kwao, akaja yule kijana asiyevaa soksi. Jumapili yake ya kwanza alinikuta mlangoni nimeinamia viganja vya watu, akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza. Akaanza kucheka, akaona sicheki, akaacha. "Yakobo," akasema, "waache waingie." Basi. Sheria ile ikafa kwa maneno mawili, wala haikufanyiwa matanga.

Chumba kikajaa. Wachumaji waliingia na mikono yao, na vitabu havikufa. Tena hawakuja kama watu wa zamani walivyokuja, kwa kunyata na kuvua kofia. Walitaka gazeti. Walitaka kujua bei ya mahindi, habari za mashamba, habari za vita vya Uhabeshi. Kijana mmoja aliniita Mzee wa Kabati huku amekalia meza yangu. Hakuna aliyetaka askari tena. Walitaka mtu anayejua jambo fulani limeandikwa wapi, na ambaye atakubali kuketi kando ya asiyejua kusoma akamsomea. Kazi ilikuwa imegeuka nami nikawa wa mwisho kuambiwa. Wewe unakumbuka nilivyonuna. Siku ile uliyoacha kabati wazi makusudi, ukasema vitabu navyo vinataka hewa, nilikupigia kelele mpaka majirani wakaja. Ulikuwa na haki. Sijawahi kukuambia hivyo, nakuambia sasa.

Lakini hilo bado si lenyewe. Siku sheria ilipokufa ningeweza kurudi nyumbani nikamwambia mama yako, "Njoo." Ni neno moja. Kutoka kanisani hadi hapa ugali haujaiva umeshafika. Sikumwambia. Alisikia kwa majirani, kama habari ya mtu wa shamba jingine. Jumapili ile alikuwa anapepeta mahindi nje, nikampita, nikaingia ndani, nikaomba maji ya kunywa. Akaniletea.

Nimejiuliza sana kwa nini. Kumwita kungekuwa kukiri kwamba sheria ile haikuwa na maana tangu mwanzo, na kwamba gogo lile alilikalia bure, na mvua ile ilimnyeshea bure. Hilo sikuliweza. Halafu kuna jambo jingine, baya kuliko hilo, na ningependa lisiwe kweli. Nilipenda kuwa mdomo wake. Kaka yake aliporudi kwao alikuwa akituma barua, anaandikiwa na mwalimu wa huko. Nilizisoma nimeketi kitini na yeye amesimama mbele yangu kama mtu aliyekuja ofisini. Nilisoma kimoyomoyo mpaka mwisho, nikakunja karatasi, nikamwambia, "Wote wazima, wanakusalimu." Siku moja aliichukua karatasi akaigeuza.

"Baba Damari, hii imejaa huku na huku. Na wewe unasema salamu tu?"

"Kaka yako ana maneno mengi," nikamjibu.

Kweli alikuwa na maneno mengi. Ng'ombe aliyezaa, binti wa jirani aliyeolewa, mzee wao aliyegombana na mbuzi akaangushwa mbele ya wakwe. Niliona ni upuuzi. Lakini ulikuwa upuuzi wa kwao, ulitumwa kwake, na alikuwa mbali na kwao. Haukuwa wangu niupunguze. Mbuzi yule angemchekesha wiki nzima.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, mama yako akala, na sasa sahani inakuja kwako. Wewe utaandika usiku kule shuleni, utaeleza mambo yako yote, na utajiuliza: je, Baba amemsomea hili? Au amesema nakusalimu tu? Naye atasimama hapa akitazama karatasi imejaa huku na huku.

Unaenda kupewa ufunguo, Damari. Sikufundishi kazi, sina haki hiyo, na pengine umeshanipita. Nakuonyesha tu shimo nililoangukia, lisije likakuvuta nawe. Watakaokuogopa hawatakudhuru. Watakaosema ni kazi ya kupangusa vumbi, ya msichana aliyekosa bwana, nao hawatakudhuru, utawacheka. Mimi niliharibiwa na walionisifu. Ukisikia moyo wako unafurahi sana chumba kikiwa kimya na kila kitu kimekaa sawa, toka nje uangalie ni nani ameketi hapo. Na ukikosea, mwambie mtu siku ile ile. Kosa ukililaza nyumbani usiku mmoja, asubuhi linaomba kifungua kinywa, na kabla hujajua limekuwa mwenyeji.

Hapa ndipo nilipotaka kumalizia.

Lakini umetoka na Yohana kwenda kuaga majirani, na mama yako ameingia. Alisimama karibu na taa, akaitazama meza.

"Mizani gani hii inajaza karatasi zote hizi?" akauliza.

Nikamwambia si mizani. Namwandikia Damari.

"Soma."

"Ni ndefu, Mama Damari."

"Hata zile zangu zilikuwa ndefu. Soma."

Nikasoma. Nilianza kwenye viazi nikaenda mpaka kwenye lile neno mwenyeji, sikuruka hata moja. Pale nilipoandika kwamba nilipenda kuwa mdomo wake ilibidi nianze upya sentensi ile. Hakuketi. Nilipomaliza nikadhani analia, nikamtazama. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama kama siku ile ya kwanza kwenye mizani.

"Umesahau," akasema.

"Nimesahau nini?"

"Mimi nilikuja tena."

Nikamwambia hapana, alikuja Jumapili ile moja tu, nyingine zote alikaa gogoni.

"Nilikuja. Yohana alikuwa amezaliwa, mimi nimekaa nyumbani, sichumi. Mikono ilikuwa imetoka ile weusi yote. Safi kabisa. Nilikuwa naiangalia mimi mwenyewe nikifua nguo za mtoto, nasema, sasa atasema nini huyu? Nikaacha mtoto kwa jirani nikaja peke yangu. Wewe ulikuwa unaongea na mwalimu mmoja hapo mlangoni. Nikanyoosha mikono. Ukaniangalia uso, ukasema bado. Ukaendelea kuongea na yule."

"Sikuangalia mikono?"

"Hukuangalia."

Damari, sikumbuki. Nimekaa hapa nikiitafuta siku ile na siipati. Simkumbuki mwalimu wala sikumbuki tulikuwa tunaongea nini cha maana kiasi hicho. Wiki nzima nimejiona mtu mwenye toba kwa sababu ya Jumapili ile ya kwanza, na kumbe kubwa kuliko lile nililitenda bila hata kulisikia likitoka mdomoni. Lile la kwanza ningeweza kulitupia lawama sheria, au Padre, au watu waliokuwa wananitazama. Hili la pili sina wa kumtupia. Mikono ilikuwa safi na nilimfukuza yeye, si mikono. Miaka yote hii alipika, akafua, akalala kando yangu, na alikuwa analijua.

Nikamwambia, "Nisamehe, Mama Damari."

"Hiyo nitaangalia," akasema.

Nikamwambia tutaanza Jumatatu jioni. Nitamfundisha mwenyewe, hapa mezani, mlango tumefunga, asionekane na mtu. Alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Wewe? Hapana. Siwezi kukaa mbele yako nikisema a, e, i kama mtoto. Ungenifundisha wakati ule. Mwandikie Damari hivi: asitume barua. Akiwa na neno langu, aje aniambie kwa mdomo wake. Hata kama ni Krismasi kwa Krismasi. Nitangoja. Kungoja najua."

"Na mimi?" nikauliza. "Habari zake nitazipata wapi?"

"Utaniuliza mimi. Nitakuambia ni mzima, anakusalimu."

Nilistahili. Hata yeye mdomo ulimcheza kidogo aliposema hivyo, kisha ukatulia. Nikaonyesha karatasi hizi, nikauliza nizichome.

"Usichome. Asubuhi atasoma hiyo yote mbele yangu, kwa sauti, kabla lori halijaja. Nijue kama ulinisomea yote."

Akarudi jikoni kuangalia viazi. Hivyo mwanangu, nimeandika kama alivyoagiza. Usituandikie. Barua zako ningezisoma mpaka karatasi ichakae, na sitazipata, na ni haki nisizipate. Likizo ikifika njoo, hata kama ni kwa siku chache, na ukishuka kwenye lori usisimame nami njiani, pitiliza hadi kwake.

Kesho soma pole pole. Usiruke neno, hata pale unapoona aibu kwa ajili yangu, na usinihurumie mbele yake kwa kulainisha sauti. Nitakuwa nimesimama hapo hapo nikisikiliza. Ukifika kwenye mstari huu, inua macho umtazame yeye, usinitazame mimi.

Baba yako,
Yakobo